Kutembeza Ngoma kwa Miguu: Kutoka Lushoto hadi Mtae

Swali tunaloulizwa zaidi na watu waliosikia habari za ziara yetu ya muziki katika milima ya Usambara ni kwa nini hatukupanda gari, ilhali mabasi ya kwenda Mtae yapo na barabara inayopita Magamba, Lukozi na Sunga inafahamika na kila dereva wa Lushoto. Jibu fupi ni kwamba basi hufuata barabara, na wengi kati ya watu tuliotaka kuwapigia muziki wanaishi kandokando ya vijia ambavyo havijapitiwa na gari hata siku moja. Jibu refu ndilo ninalotaka kuliandika hapa, kwa sababu katika safari ile nilikuja kuamini kwamba njia yenyewe ndiyo inayoamua muziki utakuwa wa namna gani: ala zipi zichukuliwe, nani asikilize, saa ngapi kupiga na saa ngapi kunyamaza, na hata maneno ya nyimbo.

Sisi ni kikundi kidogo. Baadhi yetu tulijifunza sanaa Bagamoyo, ambako marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha sauti ya zeze na ilimba, yaani marimba ya mkono, mbali sana duniani, aliishi na kufundisha vijana wengi, na wengine ni wenyeji wa Lushoto ambao walilelewa katika kwaya na katika ngoma za harusi. Tulikubaliana juu ya mambo mawili kabla ya kuondoka. La kwanza, hatuendi kutumbuiza watu waliokaa kimya. Tunakwenda kupiga nao, na kila kijiji kitupe nyimbo zake kadiri kitakavyopenda. La pili, tutapita katika vijia vya zamani vinavyotumiwa na wakulima, wanafunzi na akina mama wanaotoka kutafuta kuni, ili wakazi wenyewe pamoja na wageni wanaokuja kutembea milimani wavione kuwa ni mali ya kutunzwa.

Wapo waliotuambia kwamba wazo hili limetoka Ulaya. Sikubaliani nao. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi iliyokuwa ikishuka pwani na kurudi bara ilitembea kwa nyimbo, ikitanguliwa na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliyejipamba, pamoja na ngoma na baragumu, na wapagazi waliobeba mizigo ya frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, waliitikia kwa pamoja ili hatua zisipoteane. Wimbo uliosikika Bagamoyo uliweza kufika Tabora baada ya miezi michache ukiwa umebadilishwa maneno mara kadhaa njiani. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi na iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya kama vile Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne hiyo, ilienezwa sana bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na wengi wao walisafiri kwa miguu. Naye Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Unguja, kabla hajarekodi sahani zake za kwanza Bombay mwaka 1928, alikuwa muuza vyungu aliyetoka Fumba kwenda mjini Unguja kwa miguu huku akinadi bidhaa yake kwa sauti ambayo watu waliisikia kabla ya kumwona. Kwa hiyo msanii atembeaye si jambo geni kwetu. Kigeni zaidi ni msanii anayeshuka garini, anapiga kwa saa moja kwa spika zilizokodiwa, kisha anaondoka bila kujua kijiji kinachota maji wapi.

Suala la kwanza lilikuwa uzito. Kuna mpiga chelo, ala kubwa ya nyuzi, wa Marekani, Dane Johansen, ambaye mwaka 2014 alitembea njia ya mahujaji ya Camino de Santiago kaskazini mwa Hispania, karibu kilomita 1,000, akiwa na chelo yake mgongoni, na akapiga muziki wa Bach katika makanisa 36 yaliyoko njiani. Namheshimu sana, lakini njia ile ina nyumba za wageni karibu kila baada ya mwendo wa saa chache, na makanisa ya mawe yanarudisha sauti vizuri. Sisi tulikuwa na miinuko ya udongo mwekundu, vijia vya upana wa mtu mmoja na viwanja vya shule visivyo na kuta. Tukachagua zeze, marimba ya mkono, ngoma mbili za ukubwa wa kupakatwa, filimbi, kayamba na njuga. Gita kavu lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko ala nyingine yoyote, na mwishowe likabaki Lushoto, kwa kuwa mwenye gita angehitaji mkono mmoja wa kulilinda na mwingine wa kushika mti kila mahali penye utelezi.

Kitu ambacho hatukukiwekea uzito wa kutosha katika majadiliano hayo kilikuwa ukungu. Tulikwenda baada ya masika, katika miezi ya baridi, wakati ambapo njia zimekauka na wakulima wana nafasi kidogo, lakini asubuhi za Magamba katika msimu huo hufunikwa na ukungu mzito unaoingia hata ndani ya mifuko. Ngozi ya ngoma ikinyonya unyevu hulegea na kutoa sauti butu, na nyuzi za zeze hushuka zenyewe. Ikawa kila tunapofika mahali, kazi ya kwanza ni kuomba moto. Ombi hilo dogo lilitufaa kuliko barua zote za utambulisho tulizokuwa nazo, maana ukimwomba mama wa nyumbani moto wa kukausha ngoma, atakuuliza ngoma ni ya nini, watoto watakusanyika kuitazama inavyokazwa, na kabla haijaiva vizuri utakuwa umeshapata hadhira na pengine kikombe cha chai.

Hata hivyo barua zilihitajika, na ninaliandika hili kwa ajili ya wasanii wanaofikiria kufanya safari kama yetu. Kikundi kiwe kimesajiliwa na kiwe na kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA. Afisa utamaduni wa wilaya apewe taarifa mapema, na katika kila kijiji mtu wa kwanza kuonwa ni mwenyekiti au afisa mtendaji, kabla mtu yeyote hajagusa ngoma. Msitu wa hifadhi ya mazingira asilia wa Magamba unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na anayepita ndani yake hulipa kiingilio na kufuatana na mwongozaji. Tuliwachukua waongozaji wa Lushoto ambao wamekuwa wakitembeza wageni katika milima hii kwa miaka mingi, na wao ndio waliotuelekeza vijia ambavyo havimo katika ramani za simu.

Ndani ya msitu hatukupiga chochote. Uamuzi huu uliwashangaza baadhi ya vijana wa kikundi, waliokuwa wamefikiria picha nzuri za video chini ya miti mikubwa ya mkulo iliyosalia, katika milima ambayo Wajerumani walizithamini sana mbao zake hata wakajenga njia ya kamba za chuma kushusha magogo kutoka Shume hadi Mkumbara. Mimi nilikuwa upande wa wanaonyamaza. Msitu una wenyewe: mbega walioko juu, ndege, na vinyonga wenye pembe ambao mwongozaji wetu alikuwa akiwaona pale ambapo sisi tuliona majani matupu. Mtu anayedai kutangaza njia ya msituni, kisha akaingia na ngoma na kuwafukuza wale ambao mgeni amekuja kuwaona, amejitangaza mwenyewe tu. Tena kutembea kimya kwa saa kadhaa kulitufanya tusikilizane hatua, na tulipotoka upande wa pili kuelekea Lukozi tulikuwa tumeshapata mwendo mmoja, ambao ulikuja kuwa mapigo ya wimbo nitakaoueleza baadaye.

Lukozi ni mahali pa biashara ya mboga. Viazi, kabichi na karoti hupakiwa hapo kwenda Tanga na Dar es Salaam, na siku ya gulio hakuna anayeweza kusimama kumsikiliza mpiga zeze huku bei ya gunia inabadilika mbele ya macho yake. Tulipiga kidogo jioni, wachuuzi walipokuwa wakifunga mizigo, tukaendelea na safari.

Rangwi ndiko ninakotaka kukaa zaidi. Kijiji kiko bondeni, kina misheni ya Kikatoliki ambako masista huwapokea watembea kwa miguu na kuwapa chumba safi na chakula cha moto, na kina watu wa dini zote wanaoishi pamoja bila makuu. Hapo tulijifunza kupanga ratiba kwa kufuata kijiji, si kwa kufuata saa zetu. Alasiri si wakati wa kuanza ngoma kabla ya watu kutoka msikitini, na jioni fulani za wiki ni za mazoezi ya kwaya, kwa hiyo kilichobaki ni kile kipande cha mwanga kati ya kurudi kutoka shambani na giza kuingia. Kipande hicho kilitosha. Tuliwapigia nyimbo mbili, na kabla hatujaanza ya tatu bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kigogo alimwita kijana wetu wa ngoma kwa mkono.

"Mjukuu wangu, ngoma hiyo unaipiga kama unagonga mlango," alimwambia. "Ilete hapa."

Kijana akamwamkia shikamoo tena, ingawa alikwisha kumwamkia, akampelekea ngoma kwa mikono miwili. Bibi hakuipiga yeye mwenyewe. Alimwita jirani yake, mzee aliyekuwa na jembe bado begani, na yule mzee akaliweka jembe chini na kuanza mapigo ya mdumange, ngoma ya Washambaa ambayo sisi tuliocheza Bagamoyo tulidhani tunaijua kwa sababu tulifundishwa darasani. Tuliyojifunza yalikuwa yamenyooshwa kwa ajili ya jukwaa, na ya mzee yalikuwa na kusitasita mahali fulani, kama mtu anayetafuta pa kukanyaga kabla ya kuteremka. Akina mama wakaingia na mabega yao, wakaitikia kwa Kishambaa, na kwa muda mrefu sisi tuliokuja kutumbuiza tukawa ndio watazamaji. Vijana wa kijiji, ambao mwanzoni walikuwa wamesimama mbali na simu zao wakisubiri tupige nyimbo wanazozisikia redioni, walisogea kwa ajili ya yule mzee, si kwa ajili yetu. Mmoja wao alituambia hakujua kuwa jirani yake anapiga ngoma. Alimfahamu kama mtu wa viazi.

Ni hapo ninapoona maana ya sanaa ya jamii, na ninalisema hili nikijua kwamba maneno hayo hutumiwa ovyo katika maandiko ya kuomba fedha. Kijiji hakikuwa na upungufu wa sanaa. Kilichokosekana ni sababu ya kusimama pamoja siku isiyo ya harusi wala ya msiba, na wageni waliofika kwa miguu wakiwa wamechoka na wana ngoma zilizolegea walikuwa sababu ya kutosha. Sidhani kama tungefika kwa gari yule bibi angeketi karibu kiasi kile, wala kama angethubutu kumkosoa mpigaji ambaye angekuwa juu ya jukwaa na kipaza sauti mbele yake.

Wimbo niliotaja ulizaliwa kati ya Rangwi na Sunga. Mzee wa ngoma alitusindikiza asubuhi hadi mwisho wa mashamba, akawa anatutajia majina ya kila kona: kijito, mwamba, mti uliokatwa zamani ambao jina lake limebaki, shamba la mtu aliyehama, mahali ambapo wanafunzi hupumzika. Mwongozaji alijua sehemu ya majina hayo, na mengine hakuyajua. Tulipoachana na mzee tukaanza kuyaimba kwa mfuatano uleule, mmoja anataja na wengine wanaitikia, kwa mapigo ya hatua tulizozipata msituni. Tulipofika shule iliyofuata tuliwaimbia watoto, nao wakatusahihisha majina mawili na kuongeza mengine ya upande wao. Tangu hapo kila tulipopita wimbo ukarefuka. Hauna kiitikio cha kuvutia na redio haitaupiga, lakini mtu akiuimba kwa mfuatano anaweza kutoka Rangwi na kufika bila kuuliza, na mtoto aliyeuimba anajua kwamba kijia chake cha kila siku kina sifa ya kuimbwa. Kibao cha mbao huoza katika mvua za hapa, na mara nyingine huondolewa na mtu mwenye shida ya kuni, na simlaumu sana.

Kuhusu fedha nitasema kwa uwazi, kwa kuwa ni jambo linaloulizwa kwa aibu. Hatukuuza tiketi. Tulitunzwa kama ngoma inavyotunzwa kokote: mtu anaingia akicheza, anaweka noti kwenye paji la uso la mpigaji au kwenye kapu, anatoka. Milimani, hata hivyo, noti ni chache na mazao ni mengi, kwa hiyo tulitunzwa pia kwa viazi, kabichi na peasi, zawadi ambazo hakuna mwenye adabu anayezikataa na ambazo ilibidi tuzibebe juu ya mizigo ile tuliyoipima kwa uangalifu mkubwa. Kabichi moja ilitembea nasi karibu nusu ya njia. Gharama za waongozaji, viingilio na malazi tulizilipa kwa michango yetu na ya marafiki. Kulikuwa na mfadhili mmoja aliyekuwa tayari kutusaidia zaidi kwa sharti la kufuatana na gari lake lenye mabango na kupiga katika viwanja atakavyovichagua, tukamshukuru na kuachana naye kwa wema. Sikuwa na kinyongo naye, ila mpango wake ulihitaji barabara.

Lipo pia jambo ambalo wapenzi wa matembezi hawapendi kulizungumza, nalo ni kwamba si kila kijia kinataka kutangazwa. Vijia vya Usambara hupita katikati ya mashamba ya watu, mara nyingine kwenye ukingo wa tuta lenye maharage, na wageni wakizidi bila utaratibu udongo humomonyoka na mwenye shamba hulipa gharama ya matembezi ya wengine. Kijiji kimoja kilituomba kistaarabu tusikitaje kijia chao cha kwenda kwenye chemchemi, kwa sababu maji yale ni ya kunywa na hawataki mkusanyiko wa watu pale. Tumekitoa katika wimbo na sikitaji hapa. Mahali pengine wenyeji walikuwa na hamu ya kupokea wageni, na tukashirikiana nao asubuhi moja kufyeka majani na kuweka mawe kwenye sehemu iliyokatwa na maji ya mvua, huku ngoma zikipigwa kwa zamu kama zinavyopigwa katika kazi za ujima. Napendekeza kila kikundi kitakachotembea kibebe panga moja na jembe moja, hata kama itabidi kupunguza ala.

Mtae iko kwenye ncha ya mlima, na nyumba zake zimepangwa juu ya ukingo mwembamba ambao pande zote mbili ardhi inaporomoka. Chini kuna nyika ya Mkomazi na ng'ambo milima ya Upare, na siku ya anga safi huonekana hata Kilimanjaro. Mahali pazuri pa kutazama ni mahali pabaya pa kupiga filimbi, kwa kuwa upepo huchukua sauti kabla haijamfikia msikilizaji wa mbele. Tulihamia nyuma ya ukuta wa jengo, tukawaimbia wakazi wimbo wa njia kuanzia msitu wa Magamba hadi mlangoni kwao, na wao wakatuongezea sehemu ya mwisho ambayo tulikuwa tumeiacha wazi. Kijana mmoja anayesomea kazi ya uongozaji aliuandika wote kwenye daftari, kwa maneno yake, ili awafundishe wageni wake wakitembea.

Mwaka ujao tunataka kuanzia Mlalo, ambako wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifungua kituo mwaka 1891, na kupanda hadi Rangwi tukiwa na wapiga tarumbeta wa kwaya ya Kilutheri, ambao wamekubali kwa masharti mawili: warudi kabla ya ibada ya Jumapili, na nyimbo zao zisichezwe haraka kwa sababu ya watu wa ngoma. Tumekubali yote mawili. Yule mzee wa Rangwi ametuma salamu kwamba atatusubiri njiani, na kwamba kijana wa ngoma aje akiwa amefanya mazoezi. Kilichobaki kuamuliwa ni tarumbeta kubwa la besi, ambalo wenyewe wanasema haliwezi kuachwa nyumbani, na kila tunapokutana kuzungumzia nani alibebe katika ule mpando wa kwanza, mkutano huahirishwa.